Ua la Piko Lililofura

Harufu ya piko mbichi, ile poda nyeusi ya nywele ikikorogwa na maji, hunikata pumzi mpaka leo. Nikiisikia kwa jirani nafunga dirisha. Msinicheke kabla sijawaeleza.

Nilikuwa na miaka minane, tukikaa Kisauni. Kila Idd ilipokaribia, wasichana wa mtaa walijazana barazani kwa shangazi Mwanaidi, dada yake baba, wachorwe maua mikononi. Hina nyekundu alimchora kila mtu, lakini piko aliwawekea wakubwa. Mwaka uliotangulia nilimlilia mpaka akanichora kijiua kimoja kidoleni, wala hakikunidhuru. Basi mwaka huo nikadai mkono mzima kama bibi harusi, naye kwa kunipenda akakubali.

Mkono ulianza kuniwasha hata piko haijakauka. "Tulia, mwanangu," shangazi akanitania. "Mvumilivu hula mbivu." Nikajikaza, maana ni nani angekubali kuoshwa ua lake wenzake wakitazama?

Asubuhi ya Idd niliamka nikaona ua limesimama. Kila jani na kila kikonyo alichochora kilikuwa kimefura kikawa lengelenge lililojaa maji, na katikati ya mistari ngozi ilikuwa nzima. Nilipiga ukelele mama akaangusha sinia la mahamri. Niliamini kabisa kwamba ua lile lilikuwa limeota mizizi na sasa linanila.

"Wallahi mtoto kapigwa jicho!" bibi alisema, akakimbilia ubani. Majirani walikuwa na lao: Mwanaidi ana mkono mbaya. Huko zahanati daktari alisema vidonda vikiingia uchafu ningeweza kupoteza vidole. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Vidole vilipona, nikabaki na kovu jeupe la ua. Wasichana wakahamia kwa mchoraji mwingine, na shangazi hakuchora tena. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba tangu siku hiyo, kila nilipomwamkia na kumnyoshea mkono, alijibu "Marahaba, mwanangu," mikono yake ameificha ndani ya leso. Nilikua hivyo, nikiamkiana na mtu asiyenigusa.

Miaka ikapita, nikaingia chuo cha uuguzi. Siku ya somo la tishu za ngozi, mwalimu alitueleza kwamba tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa, zinazopukutika kila siku bila sisi kujua. Chini yake kuna seli hai, na kati yao wamo walinzi. Dawa kali ikipenya mara ya kwanza, huenda mtu asione lolote, kumbe walinzi wameshaitia alama. Ikirudi, wanaishukia kwa hasira, na katika vita hivyo ngozi yenyewe ndiyo inayoungua. Akatoa mfano wa ile dawa inayoipa piko weusi wake.

Nilishika meza kwa mikono miwili. Kile kijiua cha kidoleni! Walionichoma walikuwa seli zangu mwenyewe.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa shangazi. Alikuwa akichambua mchele.

"Shangazi, halikuwa jicho wala mkono wako. Ile dawa ndani ya piko, mwili wangu uliikataa."

Akaacha ungo, mikono akaificha ndani ya leso kama kawaida yake. "Hata angekuchora mtu mwingine?"

"Hata angenichora mama."

Kisha akatoa mkono ndani ya leso, akaushika wangu, akalipapasa lile kovu kwa kidole gumba huku machozi yakimtoka.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani nina sumu vidoleni. Niliogopa nikikugusa nitakuunguza tena."

Na mimi miaka yote hiyo nilidhani ameninunia.