Kufuli Kwenye Uwanja wa Mafuriko

Nakumbuka asubuhi moja niliyoaibishwa kwa sababu ya mahindi niliyopanda golini. Mjukuu wangu, hata leo uso unaniwaka.

Nilikuwa bibi arusi mpya hapa karibu na Garsen. Mto Tana ulikuwa umefurika ukala shamba letu lote, tukahamia uwanja wa mpira kwa kuwa umeinuka. Maji yalipopungua, wenzangu walirudi kujenga. Mimi nikaitazama ile ardhi: nyeusi, imejaa samadi, maana ng'ombe wa Waorma, majirani zetu wafugaji, hupita pale kwenda kunywa mtoni. Njia hiyo huitwa malka, nayo ilikuwepo kabla ya magoli. Nikasema moyoni, shamba la bure hili! Nikashika jembe, nikapanda kutoka mlingoti wa goli mpaka kwenye kona.

Mahindi yalipofika magotini, mzee mmoja Muorma akatokea na kundi lake. Hakuingiza hata ng'ombe mmoja. Alisimama, fimbo mabegani, akamwita mavyaa wangu, mama wa mume wangu.

"Mama, mmetufungia malka? Ng'ombe wana kiu."

"Si sisi, ndugu yangu. Ni huyu mtoto, hajafundwa bado."

Vijana wa timu wakacheka. "Shemeji, leo tunacheza au tunapalilia?"

Mavyaa hakucheka. Aliyang'oa mahindi yale mwenyewe, shina kwa shina, akawalisha wale ng'ombe kwa mkono wake. Kisha akanigeukia: "Juzi ulilala hapa. Nani alikuuliza wewe ni wa nani?"

Nikaliokota jembe langu, nikamfuata nyumbani.

Sasa nyinyi wa timu ya leo! Mmeshinda kakombe kamoja, mkaletewa mabati, mkazungushia uwanja wote, mkatia lango na kufuli. Kweli, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kusoma kwangu ni kwa kuokoteza, lakini kibao chenu nilikisoma mpaka mwisho: "Mifugo na wasiohusika hawaruhusiwi." Wasiohusika! Mimi niliyemzaa babako, mafuriko mengine, kwenye goli la upande wa mto, maji yametuzunguka pande zote, leo sihusiki?

Mafuriko yaliyopita tulisimama nje ya mabati yenu, magodoro kichwani, tukiambiwa mwenye ufunguo ameenda Hola. Nyasi zimelala pakavu, mwanangu, na bibi yako yumo topeni! Nao ng'ombe walipokosa malka wakapitia mashambani mwetu, nusura watu washikiane mapanga. Majirani hao tumenywa nao maji ya mto mmoja tangu babu zetu.

Kosa langu liling'olewa kwa mkono wa mama mmoja, asubuhi moja. La kwenu mmelitilia saruji.

Basi sikia, wewe na timu yako. Chezeni, mshinde, nami nitapiga vigelegele kuliko wote. Lakini lile kufuli litoeni kabla maji ya bara hayajashuka tena. Ule upande wa malka ng'oeni mabati, ng'ombe wapite asubuhi, jioni mcheze kama walivyocheza babu zenu. Na hicho kibao kileteni kwangu. Kuni zimeniishia.

Mungu akupe miguu myepesi, mwanangu, na jina zuri pande zote mbili za mto. Na siku utakapozeeka, maji yakikufuata mlangoni, ukute mtu amekuachia pa kutandika mkeka.