Baa ya Kijapani Buffalo: sahani nzima ya firigisi mezani, na kaka yangu hanisemeshi

Wakuu, poleni na baridi mlioko huku, na mlioko nyumbani poleni na joto.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe wiki mbili zilizopita. Siwezi kutia chumvi, maana mhusika mwenzangu naye yumo humu na atanisuta.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma. Sasa hivi niko Okolona, Louisville, napiga shift kwenye warehouse moja Jeffersontown. Kaka yangu mkubwa, Eliya, yuko Lackawanna, pembeni ya Buffalo.

Kaninunia miaka miwili. Simu hapokei.

Kosa ni langu. Baba alipofariki kule kambini, huku matanga tuliweka kwangu. Eliya akasema, "Nisubirini, niko njiani." Mimi na kiherehere changu nikaona watu wana kazi kesho, nikasimama mbele, nikaongea kama mkubwa wa familia, nikafunga kwa sala.

Kaka kafika asubuhi, kaendesha usiku kucha. Anakuta hadi viti vya kanisa vimesharudishwa.

Hakunifokea. Aligeuza gari akaondoka. Bora angenitandika.

Sasa mwezi huu ikaingia text: "Jumamosi saa kumi na moja jioni. Usije nyumbani." Chini yake address.

Wakuu, kwetu kumpokea ndugu wa damu nje ya nyumba yako ni tusi. Nikalimeza. Nikatoka alfajiri, nikasimama Columbus kujaza mafuta na kunyoosha mgongo, nikaingia Buffalo theluji inashuka kama unga unaopepetwa.

Address yenyewe, baa ya Kijapani! Mlokole mzima ananiitia baa!

Nikamkuta kakaa kaunta. Salamu ya mdomoni tu, halafu akasema, "Hapa hatutakutana na mtu wa kanisani."

Lakini pale ndani, jamani, nilishangaa mpaka nikasahau kilichonileta. Nilipoingia tu, wafanyakazi wote, kuanzia mpishi hadi muosha vyombo, walipaza sauti kwa pamoja kunikaribisha. Niligeuka nyuma kuangalia ni mkubwa gani kaingia. Kumbe ni mimi.

Halafu mama mmoja akaniletea kitaulo cha moto nifute mikono. Mikono yangu hii ya kubeba maboksi, imepasuka kwa baridi, na mama wa watu ananikabidhi kitaulo kwa mikono yake miwili, kainama. Huku nimezoea kupokewa na mashine ya kusoma kadi mlangoni.

Mbele yetu mzee wa Kijapani anachoma vijiti vidogo vya nyama kwenye mkaa. Mkaa kabisa, Marekani hii! Anageuza kimoja kimoja, hapigi soga, hagusi simu. Sijawahi kuona mtu anaiheshimu kazi yake namna ile. Supervisor wangu angeshamwambia aongeze speed.

Tukaagiza chai. Menyu ina picha, nikaelekeza kidole kwenye kuku.

Ikaja sahani. Firigisi tupu. Vijiti vinne, kila kimoja firigisi nne.

Kwa wasiojua: kwetu kuku ana firigisi moja na ni ya baba. Mtoto akiidokoa atachapwa. Baba akiwa hayupo, ni ya kaka mkubwa. Sasa hapa zimelala kumi na sita, yaani kuku kumi na sita, na baba hatunaye.

Na mimi na njaa yangu ya barabarani, mkono ukawa umeshashika kijiti.

Nikashtuka. Eliya alikuwa anautazama ule mkono. Niliona kabisa anayaona matanga yale yale.

Nikakirudisha. Nikaisogeza sahani yote mbele yake. "Kaka, hii ni yako. Na siku ile nayo ilikuwa yako. Nisamehe."

Akala kijiti cha kwanza taratibu, macho kwenye moto. Cha pili akakiinua, akaniwekea mimi.

"Huku nanunua pakiti nzima dukani, nakula mwenyewe," akasema. "Haina utamu, mdogo wangu. Firigisi bila mtu wa kumnyima ni nyama tu."

Nikacheka. Naye akacheka, halafu tukalia kama watoto, watu wazima wawili na ndevu zetu. Yule mzee wa mkaa akajifanya hatuoni. Mungu ambariki.

Funzo nililopata: ukimkosea mkubwa wako usimtumie maneno kwenye simu. Nenda, kaa alipokuambia ukae, hata kama ni baa. Hotuba niliyoipanga tangu Louisville sikuitumia hata sentensi moja.

Walokole mnaojiandaa kunihukumu, narudia, tulikunywa chai. Na wewe uliyenuniwa na ndugu yako, au uliyenuna, hebu funguka hapa chini, ulifanyaje?

Maana tulipomaliza vile vijiti, Eliya alivaa koti akaniambia, "Twende nyumbani. Shemeji yako nilimwambia apike tangu asubuhi."