Nilichimba jina la marehemu nikaliweka kwenye filamu ya dada yake, hapa Doha

Wakuu, salaam kutoka Doha. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Nasoma filamu. Muhula huu chuo kilituunganisha na wasanii wa jamii za asili: wao watoe shairi, sisi tulifanye filamu fupi.

Mimi na Otieno, Mkenya, tukapangiwa dada Naserian. Mmaasai wa Longido, yaya huko Al Rayyan, anashona shanga na kutunga. Shairi lake ni la mdogo wake aliyefariki, yeye akakosa ruhusa ya kwenda kuzika. Alitaka kitu kimoja tu: filamu imfikie mama yake kijijini.

Mapumziko yake ni Ijumaa. Alipotoka kanisani Mesaimeer, tukaenda shamba moja Umm Salal kumrekodi na mbuzi. Wakamkimbia.

"Hawa wa Kiarabu hawasikii Kimaasai," Naserian akasema.

Otieno akadakia, "Sister, hata mimi sisikii na sijahepa."

Sasa, shairi zima anasema "mdogo wangu". Jina hakuna. Mimi nikaona ni pengo. Nikalitafuta, nikalipata kwenye maelezo ya picha yao ya zamani mtandaoni, nikalibandika mwishoni kwa herufi kubwa nyeupe. Nilijiona mwandishi wa habari kweli kweli.

Ijumaa iliyofuata tukamwonyesha. Jina lilipotokea, akafunika skrini kwa kiganja.

"Nani kakutuma?"

Nikasema nilitaka kumuenzi.

"Kwetu aliyekufa hatajwi jina. Mama hajalitamka tangu siku ile. Wewe ndiye umpelekee kwenye simu?"

Akataka shairi lake lirudi. Onyesho la filamu chuoni lilikuwa Jumapili, keshokutwa yake.

Nikafuta jina mbele yake, na nakala zote. Ndipo nikauliza nililopaswa kuanza nalo: "Dada, kwenu mnamkumbukaje?"

Akasema: "Alikuwa na fahali mweusi mwenye paji jeupe. Ukimtaja huyo, kila mtu anajua."

Akatoa shanga kwenye mkoba. Nyeusi tupu, nyeupe moja katikati. Tukarekodi mikono yake ikishona, bila neno, tukaiweka pale palipokuwa na jina.

Jumapili ikaonyeshwa, na Naserian akaituma kijijini. Jumatatu Naserian akanitumia voice note ya mama yake, ya Kimaasai, na tafsiri chini:

"Anauliza, yule fahali nimemshona lini."

Nilichojifunza: mtu akiacha kitu nje ya shairi lake, muulize kabla hujamjazia.

Mimi Mchaga, sikulelewa hivyo. Kwenu marehemu anatajwaje? Wamaasai mliomo humu, nisahihisheni.