Ngalawa Nyembamba

Jirani anapaka boti yake mafuta ya papa, na harufu ile nzito imenifuata hapa barazani, ikanirudisha pwani ya Mtoni.

Baba, karani wa bara asiyewahi kupanda chombo, aliniahidi tutakodi kimoja tukavue, kabla masika hayajaanza na yeye hajahamishiwa Tabora. Wenye vyombo walitugombania.

"Bwana karani, mashua yangu pana, ina mbao za kukalia!"

"Chagua wewe, mwanangu," baba alisema, akivuta soksi zake ndefu.

Nikaonyesha ngalawa nyembamba kuliko zote, bado inanata mafuta.

"Hii?"

"Hiyo hiyo, baba."

Kwenye mashua angekaa mbali nami, kama nyumbani mezani. Humu magoti yake yalinigusa mgongoni. Wimbi la kwanza lilipotuinua aling'ang'ania ukingo wa ngalawa, kisha bega langu. Samaki aina ya changu alipouma ndoana nilimvuta peke yangu, maana baba hakuthubutu kuliachia bega langu.

Tulipokanyaga mchanga aliuondoa mkono, akaufuta kwa leso.

Wiki ile ile alipanda treni. Mama alipolichukua gauni langu akalifue, aliona begani alama ya mafuta, vidole vyote. Nililikumbatia, nikakataa.