Uzito wa Watu Chini ya Daraja

Habari ya kufariki kwake imenifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nachambua mchele. Aliyenipigia ni mama mmoja wa Moshi ambaye tulikuwa naye Guangzhou miaka ile, yeye akinunua viatu vya jumla pale soko la Liuhua, mimi nikiwapikia wafanyabiashara chapati na maharage chumbani kwa binti yangu. Alianza kwa kuzunguka, mara aulize magoti yangu, mara aulize mvua, nikajua kuna mtu. "Bibi," akasema mwishowe, "Nahodha wetu katangulia. Ni presha. Kafia kwao Mwanza, kitandani, watoto wote wapo." Nikamshukuru, nikaweka simu chini, nikamaliza mchele wangu. Wanaousoma ukurasa huu siku zote wanajua kwamba simtaji mtu, ingawa majina yote ninayo kichwani, la marehemu, la mama yake, na la kila atakayepita hapa leo. Nitamwita Nahodha, kama tulivyomwita wote kwa kumcheka. Yeye Msukuma, mimi Mzaramo, watani wa tangu enzi za babu zetu, na kwa desturi yetu mtani haendi msibani kulia. Anakwenda kumsema marehemu alivyokuwa, wafiwa wacheke kidogo. Basi nimseme.

Nahodha ndiye Mtanzania pekee niliyemjua aliyekuwa na boti yake Guangzhou. Msifikirie meli. Ilikuwa boti ya chuma, ndefu hatua kumi na mbili, nyembamba kama ukumbi wa nyumba ya kupanga. Ukilala kukingama, kichwa kinagusa huku na miguu inagusa kule. Juu ilikuwa na paa la bati, ndani godoro, jiko la gesi na marobota ya nguo. Alikuwa ameifunga kwenye mfereji nyuma ya Kangle, kile kijiji kilichomezwa na jiji, ambako kila chumba ni cherehani na kila uchochoro una mtu kabeba jora la kitambaa begani. Aliinunua kwa mama mmoja wa Kichina, mtu mzima kama mimi, aliyezaliwa botini na kulelewa botini, ambaye sasa watoto wake walikuwa wamemhamishia ghorofani. Tulikuwa tukimwita Laobani, maana yake bosi, neno tunalomwitia kila muuzaji kule. Kuilipia, Nahodha aliuza ng'ombe wote aliorithi kwa baba yake. Mtu wa kwao akisikia hilo anashika kichwa.

Kwa nini boti? Ilikuwa miaka ya msako, kabla na baada ya ile michezo mikubwa ya Beijing. Polisi walikuwa wakisimama kwenye ngazi za masoko wakitaka pasipoti, na siyo pasipoti tu, walitaka na kile kikaratasi cha kituoni kinachoonyesha mgeni analala wapi. Ukikosa kikaratasi, viza hairefushwi. Wenye nyumba nao walichoka kugongewa milango, wakawa wanatufukuza. Nahodha akapiga hesabu yake ya Kisukuma: nikiwa na boti sina mwenye nyumba, na asiye na mwenye nyumba hafukuzwi. Akasahau jambo moja dogo. Boti haina namba ya nyumba. Alipokwenda kituoni kuandikisha makazi, askari alimuuliza mtaa, akamwonyesha maji.

Na maji yenyewe hakuyajua. Watu hudhani chombo ni chombo na maji ni maji, lakini mtu wa ziwani na mtu wa pwani ni wanafunzi wa shule mbili. Wiki ya kwanza tu niliwahi mchana kumpelekea chapati, nikakuta boti imening'inia. Pua iko juu, imeshikwa na kamba kama mbuzi wa mnadani, tako limezama kwenye tope, na Nahodha kajishika mlangoni, sufuria zinampita. Alikuwa ameifunga kamba fupi, kaikaza kabisa, kama wafungavyo kwao. Kule ziwa halijai na kupwa kila siku. Mfereji wa Guangzhou unafuata bahari. Unajaa, unakupwa, mara mbili kwa siku.

"Shikamoo Bibi," akasema pale pale aliponing'inia.

"Marahaba mtani. Unaanika nini, boti au mwenyewe?"

"Maji yameibwa, Bibi! Asubuhi yalikuwapo!"

"Hayajaibwa. Ziwa lenu limelala, halina safari. Maji ya huku yana kwao, saa ikifika yanarudi. Legeza kamba, mjomba, usije ukamfunga mtu anayetaka kwenda kwao."

Laobani alikuwa kasimama ukingoni, anacheka mpaka anajifuta macho. Sikujua Kichina zaidi ya bei na kukataliwa, lakini siku hiyo tuliongea kwa vidole. Nikamwonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nikapandisha mkono: bamvua, maji makubwa. Nikamwonyesha mwezi nusu, nikaushusha: maji mafu, maji madogo. Akaitikia kwa kichwa, akahesabu tarehe zake za mwezi, nami zangu. Tulipishana siku moja. Wao huanza kuhesabu kabla mwezi haujaonekana, sisi tunangoja tuuone. Nahodha katikati anatuangalia kama mtu aliyekaa na wachawi wawili. "Sisi tunahesabu Jumapili tu," akasema.

Mengine alijifunza kwa kuumia. Kila asubuhi alikuwa akikomba maji sakafuni kwa kopo. Choo kilikuwa ndoo, na ndoo ilibidi aibebe mbele ya mafundi wa cherehani mpaka choo cha umma, akiwasalimia njia nzima. Kutu ilikula chuma, ukungu ukala marobota. Akiyahamishia upande mmoja yapate hewa, boti inalala upande huo. Kubwa kuliko yote ni vitambaa. Kangle yote hutupa mabaki mferejini, na mabaki yale yanapenda panga la injini kuliko mke apendavyo mume. Mwendo wa dakika kumi, injini inakohoa, inazima. Anashuka na kisu cha jikoni mpaka kiunoni, anachana, anaibuka kashika vipande: "Bibi, leo kuna pamba, kuna jinzi, na zipu nzima!" Nikimwambia uza hii balaa, ananijibu kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na yeye ni chungu aliyeridhika na kifuu chake.

Kisha karatasi ikabandikwa kwenye vyuma vya ukingo. Fundi mmoja alimsomea. Mfereji unasafishwa, kila boti iwe imetoka ndani ya siku tano, itakayobaki itanyanyuliwa na kukatwa chuma chakavu. Hapo Nahodha hakucheka tena. Boti ilikuwa nyumba, ghala, na ng'ombe wote wa baba yake. Laobani alikuwa na kaka yake mwenye karakana ya kutengeneza boti kwenye mto mkubwa, na karakana ile ilikuwa na namba ya nyumba. Akifika pale angepokelewa kama mpangaji na kikaratasi angepata. Lakini njia ilikuwa moja tu, chini ya daraja la zamani la mawe, jembamba na la chini, halafu lango la maji ambalo mlinzi hulifungua maji yakijaa tu. Nahodha alikuwa ameingilia wakati wa maji mafu. Sasa karatasi inamtoa wakati wa bamvua. Tulikwenda kupima kwa ufito yeye, mimi na Laobani. Maji yakijaa, paa lilizidi daraja kwa vidole vitatu.

Nahodha akasema atanunua mifuko ya mchanga, boti izame kidogo. Laobani akatikisa kichwa. "Watu," akasema kwa ishara na maneno machache tuliyoyaelewa. "Mchanga hautembei." Ndivyo watu wake wa majini walivyofanya tangu zamani: chombo kikizidi daraja unaita jirani, wanapanda, kinashuka, mkitoka upande wa pili wanashuka kwa miguu yao wenyewe. Walihitajika watu kama kumi na watano. Nahodha alikwenda kuwaomba wenzetu, mmoja mmoja. Wote waliitikia. Nilikuwapo wakiitikia.

Siku yenyewe, mchana, askari walikuwa wametanda uchochoroni wakikagua. Kati ya wenzetu alitokea mtu mmoja, ni mimi, ajuza asiyekamatwa na mtu. Nahodha alisimama ukingoni akiangalia mwanzo wa uchochoro, maji yanapanda. Hakumlaani yeyote. "Wana watoto," aliniambia tu. Ndipo Laobani akaondoka, akarudi na mafundi wa karakana iliyokuwa ikimshonea Nahodha nguo za kuuza, kumi na wawili, wakiwa na nyuzi kwenye nywele, bakuli za chakula cha mchana mkononi. Nao walikuwa wageni, waliotoka mikoa ya mbali, na jiji lile lilikuwa likiwauliza vikaratasi vyao vilevile. Wakapanda. Nikapanda na kapu langu. Laobani akakaa mbele akiwa na hati ya boti, ambayo bado ilikuwa na jina lake.

Tuliingia chini ya daraja tumechuchumaa. Injini ikakohoa, ikazima. Vitambaa, bila shaka. Paa likagusa jiwe na kukwama kwa pua, na maji bado yalikuwa yanapanda. Katika giza lile la mchana nilimsikia Nahodha akitaja watoto wake mmoja mmoja, taratibu, kama anayewaandikisha shule. Laobani akapiga kelele, mafundi wote wakasogea mbele, wakanibana na mimi, pua ikainama. Kisha kila mtu akanyoosha mikono juu, akaweka viganja kwenye tumbo la daraja, tukasukuma. Bati lilikwaruza, bomba la moshi likakatika, na boti ikatoka kidogo kidogo, inatembezwa kwa mikono, mpaka jua likatupiga usoni.

"Bibi," Nahodha akasema, "una kilo ngapi?"

"Za kutosha kukuokoa, mtani. Ungekula chapati zangu vizuri usingehitaji watu."

Boti ile ilimpa mwaka mmoja zaidi, basi. Kikaratasi alikipata, viza ikarefushwa mara moja, halafu akamwachia Laobani chombo chake, akarudi Mwanza na mzigo wake. Hakutajirika. Wengi wa walioahidi siku ile wameandika pole leo kwenye kundi letu la simu, maneno mazuri marefu, na siwalaumu. Hofu ya miaka ile ilikuwa na miguu, ilimfuata mtu mpaka kitandani. Ila nimefikiri sana juu ya wale mafundi kumi na wawili. Hawakuwa na la kumshauri, hawakujua hata kumwambia pole. Walikuja na miili yao, wakakaa pale palipohitaji mtu akae. Tumezoea kudhani anayeweza kusaidia ni mwenye akili au mwenye cheo, na asiye navyo anatuma salamu. Nyakati nyingine mwenzako amezidi daraja kwa vidole vitatu tu, na anachotaka kwako ni uzito wako. Maziko ni Ijumaa. Magoti yananiuma, na basi la Mwanza ni la siku nzima na zaidi. Nimekata tiketi. Sina hotuba, nakwenda kukaa.