Maneno Waliyoyaandika Chini ya Uso Wangu

Mwishoni mwa miaka ya tisini niliigiza katika filamu fupi ya wanaume wawili wanaopendana. Wakati huo nilikuwa nahudumia wazee kwenye nyumba ya malezi huko Columbia, Maryland, Marekani, na nimepanga Langley Park pamoja na Watanzania wenzangu. Wao niliwaambia nakwenda kufanya ovataimu. Hawakujua lolote kuhusu mimi, nami nilishazoea hivyo.

Mwongozaji alikuwa mwanafunzi wa chuo karibu na Fairfax, kijana wa Kizungu, mpole, naye akipenda wanaume. Siku ya usaili hata sikumaliza ukurasa, akanipa nafasi.

"Filamu zetu zote zinawaonyesha watu kama mimi," akasema. "Nataka na wewe uonekane."

Nilirudi nyumbani kwa basi nikijichekea dirishani. Sikuwa nimewahi kumwona mtu wa kwetu kwenye skrini akimpenda mwanamume mwenzake, hata kwa kupita tu.

Lakini katika muswada mhusika wangu hakuwa na mji wala mama. Mpenzi wake alikuwa na baba mgonjwa, kazi anayoichukia, na hasira zake. Nikamwuliza mwongozaji mimi nimetoka wapi.

Akafikiri kidogo. "Popote unapopenda."

Tulipofika kwenye onyesho la jikoni, akaniomba niseme kitu kwa lugha yangu. Tumegombana, mwenzangu, naye Mzungu, anaosha vyombo, amenipa mgongo.

"Sema chochote," akasema. "Cha mapenzi."

Nilipoutazama ule mgongo nikamkumbuka mtu niliyemwacha Morogoro. Hatukuwahi kuambiana lile neno kubwa, hata siku ya kuagana. Nikasema, "Lakini umekula? Nimekubakishia. Usilale na njaa kwa ajili yangu."

"Safi sana!" mwongozaji akasema. Hakuuliza maana yake.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi mchana kwenye ukumbi wa chuo. Nilikaa nyuma, viti vya pembeni vitupu. Uso wangu ukajaa skrini, sauti yangu ikasikika, na chini yake yakapita maandishi ya Kiingereza: moyo wangu ni ngoma, nawe ndiwe mpigaji. Ukumbi ukatulia. Katika utulivu ule mwanamke mmoja akacheka, cheko fupi lililomtoka bila kutaka.

Nikajua anaelewa Kiswahili. Taa zilipowashwa niliwahi mlangoni, lakini alinikuta kwenye ukumbi wa nje: mama wa makamo, koti limekunjwa mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Akatabasamu, kama Wakenya wa bara wanavyotabasamu wakiamkiwa hivyo. "Msichana wangu ndiye alishika kamera," akasema. "Lakini hawa watoto wameandika vitu ingine kabisa. Wewe hukusema mambo ya ngoma."

"Sikusema."

"Uliuliza kama amekula." Akahamisha koti mkono wa pili. "Mzee wangu alikuwa ananiuliza hivyo kila nikitoka shifti. Tangu tumzike, hakuna mtu huniuliza."

Akanitazama vizuri.

"Na hukuwa unaambia huyo mzungu."

"Hapana, mama."

Nilitaka aniulize ni nani. Nilikuwa tayari kumtaja, pale pale, kwa mara ya kwanza tangu nije Marekani. Lakini binti yake akamwita kwa Kiingereza kutoka mwisho wa korido, naye akanishika mkono na kushusha sauti.

"Sikiza. Tukipatana huko kwa watu wetu, mimi sikujui. Ni kwa uzuri wako."

Akaenda.

Tulikutana kweli, miezi kadhaa baadaye, kwenye harusi moja huko Maryland. Nilikuwa nimekaa na wenzangu wa nyumbani. Alipita akisalimia meza yetu mmoja mmoja, amependeza kwa kilemba cha bluu. Zamu yangu ilipofika, mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi.

"Na wewe ni wa wapi?" akauliza.

"Morogoro."

"Karibu sana Marekani," akasema, akahamia meza iliyofuata.