Karatasi Zilizojaa

Nilisoma biolojia huku nikigeuza mandazi, pale Birere, mtaa wa soko mjini kwetu, kati ya pikipiki na wauza vitenge. Daftari nililiegemeza kwenye ndoo ya unga. Mstari mmoja, mteja mmoja. Nikirudi, mstari nimeshausahau. Watu walinisifia bidii. Sifa hizo zilinichosha kuliko kusimama.

Shule niliiacha mwaka mmoja kabla ya kumaliza. Nikaolewa, vita ikaja, ikaenda, ikarudi, na watoto wanne wakazaliwa humo humo. Nilipokaribia miaka arobaini nikajitia kichwani kwamba nitafanya mtihani wa Leta, ule wa kumaliza sekondari. Sisi tunaojifundisha wenyewe wanatuita otodidakte. Jina zuri. Maana yake huna mwalimu wa kumlaumu. Nilikuwa nimeshaanguka mara mbili, na niliapa kwamba hii ya tatu ndiyo ya mwisho.

Mama yangu mzazi alinisaidia kufunga mandazi. Kwetu hufungwa kwa kurasa za madaftari ya zamani ya wanafunzi, na mama hakujua kusoma, kwa hiyo nilimpa kanuni moja rahisi: karatasi iliyojaa pande zote mbili ni ya kufungia, yenye nafasi nyeupe asiiguse, hiyo bado ina kazi. Kwa miaka yote hakukosea hata mara moja.

Asubuhi moja, wiki tatu kabla ya mtihani, nilikwenda kutafuta unga. Niliporudi nikapeleka mkono chini ya meza kuchukua muhtasari wangu wa biolojia, karatasi kama arobaini, kazi ya mwaka mzima. Mkono uligusa ubao mtupu.

"Mama, karatasi zangu ziko wapi?"

"Zile za chini ya meza? Njo izo nilifungia mandazi. Zote zilikuwa zenye kujaa, mbele na nyuma. Si weye njo ulisema?"

Kanuni ilikuwa yangu. Na mimi, kwa ubahili wa karatasi, niliandika mpaka pembeni, sikuacha hata upana wa kidole. Nilimfokea hata hivyo, mbele ya wateja, kwa maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Akakaza kitenge chake kiunoni, akaondoka.

Nikakaa juu ya ndoo, na hapo nikahisi kitu ninachoona haya kukiandika: nilifarijika. Imekwisha. Hakuna atakayesema nimeshindwa. Nitasema karatasi ziliondoka na mandazi, watu watacheka, watanihurumia, na mimi nitapumzika. Mabega yalishuka. Nikala andazi langu mwenyewe, jambo nisilolifanya kamwe.

Mama alirudi jua likiwa utosini, viatu mkononi, vumbi jeusi mpaka magotini. Alikuwa amezunguka Birere yote, kwa wamotari wa pikipiki, kwa washonaji, kwa wauza viazi, akiomba karatasi. Kwa kuwa hakujua zangu ni zipi, alichukua kila yenye wino wa buluu kama wangu. Akazimwaga mezani: hesabu za mtoto fulani, barua ya mtu, na katikati yake zangu, thelathini na kitu, zimekunjwa, zimelowa mafuta mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana.

"Angalia kama iko yote, mutoto wangu. Ingine mutu alitaka kuitupa mu mutaro, nikamukataza."

Nilizitazama nikataka kulia, si kwa furaha. Hasira ya asubuhi ilikuwa ndogo mbele ya hii. Nilikuwa nimepata sababu ya kuacha, sababu safi isiyo na aibu, na mama yangu alikuwa ametembea peku juani kuninyang'anya. Alisimama pale akihema, akisubiri uso wangu ubadilike.

"Aksanti, mama," nikasema.

Nikapangusa mikono, nikaanza kutafuta ukurasa wa kwanza.